Kunyoa Ndevu Bila Kuichubua Ngozi

Mwanamume ambaye shingo yake inawaka dakika tano tu baada ya kunyoa ndevu, kana kwamba amepakwa pilipili, kwa kawaida huulaumu wembe. Hununua mwingine wa bei kubwa zaidi, wenye makali matano badala ya matatu, na wiki inayofuata hujikuta pale pale alipokuwa. Kwa maoni yangu, kosa mara nyingi haliko kwenye chombo bali kwenye kile tunachokitaka kwacho. Tunataka shavu liteleze kama kigae, na kwa ajili ya utelezi huo tunapitisha wembe mahali pamoja mara nne au tano, huku tukiukandamiza kila mara zaidi ya mara iliyotangulia. Anayekubali kubakiwa na ukwaruzo mdogo ambao hauonekani kwa macho, ila unahisiwa na kidole kikipita kinyume, atakuwa amekwisha kuepuka sehemu kubwa ya taabu hii.

Wembe haukati ndevu peke yake. Kila unapopita hukwangua pia sehemu ya tabaka la juu la ngozi pamoja na mafuta ya asili yanayoilinda. Ukwanguaji wa mara moja ngozi huustahimili bila shida, lakini ukirudiwarudiwa huacha michubuko midogo sana, na hapo ndipo hutokea joto, mwasho na ngozi kukaza. Kwenye ngozi nyeupe hali hii huonekana kama wekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi huenda usione chochote isipokuwa kivuli kidogo cha weusi uliozidi, kwa hiyo ni vyema kuamini unachokihisi kuliko kioo. Mwasho wa namna hii huanza mara tu baada ya kunyoa na kwa kawaida hutulia ndani ya saa chache au siku mbili tatu.

Vipele vya ndevu ni jambo jingine, ingawa watu wengi huyachanganya mawili haya. Vipele hutokea siku kadhaa baadaye, pale unywele uliokatwa unapoanza kuota tena, ukajikunja na kuichoma ngozi ukiingia ndani badala ya kutoka nje. Mwili huuchukulia unywele huo kama mwiba, nao huvimba kuuzunguka. Wenye nywele za kipilipili ndio wanaoteseka zaidi, kwa sababu unywele wao huota ukiwa umekwisha kupinda. Tofauti hii ina maana katika matendo, kwa kuwa baadhi ya mambo yanayopunguza mwasho hayatoshi kuzuia vipele, na nitayataja yatakapofika mahali pake.

Ramani ya ndevu zako

Kabla ya kugusa wembe, acha ndevu ziote siku mbili au tatu, kisha pitisha ncha ya kidole usoni polepole, sehemu kwa sehemu, kwa kila upande. Kidole kinakoteleza ndiko ndevu zinakolalia, na kinakokwama ni kinyume chake. Kwenye mashavu watu wengi hukuta ndevu zimelala kuelekea chini, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba uso mzima uko hivyo. Shingoni mambo ni tofauti kabisa: ndevu zilizo chini ya kongomeo huweza kuota kwenda juu, za pembeni zikalala kuelekea sikioni, na mahali pengine zikazunguka kama maji yanayoingia kwenye bomba.

Mimi mwenyewe nilinyoa kwa miaka mingi nikishuka chini kila mahali, na kila mara sehemu moja iliyo chini ya taya la kushoto, isiyozidi upana wa vidole viwili, iliwaka. Siku niliyoipapasa kwa makini niligundua kwamba ndevu za hapo zimelala ubavu, zikielekea sikioni, wakati zile za upande wa kulia zimeshuka chini kama kawaida. Nilichora uso kwenye karatasi, nikaweka mishale, nikaibandika kando ya kioo. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwa mtu mzima, lakini baada ya wiki tatu sikuihitaji tena, kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea.

Maji kwanza

Unywele mkavu ni mgumu kuukata, na wembe unaoshindwa kuukata kwa urahisi huuvuta, na unapouvuta huiinua ngozi na kuikwaruza. Unywele ukinywa maji hulainika, lakini hauyanywi papo hapo: unahitaji dakika mbili au tatu za maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana wakati mzuri wa kunyoa ni baada ya kuoga, si kabla. Asiyekuwa na nafasi ya kuoga aloweke taulo dogo katika maji ya uvuguvugu, alikamue kidogo na kulilaza usoni kwa muda huo. Maji ya moto sana hayana faida ya ziada, kwa sababu huiondolea ngozi mafuta na kuiacha ikiwa dhaifu hata kabla wembe haujaifikia.

Nawa uso kwa sabuni isiyo kali ili kuondoa jasho na mafuta, kisha paka krimu au jeli ya kunyolea. Ukiwa na brashi, ipitishe kwa kuzungusha, kwani huziinua ndevu na kulifikisha povu hadi kwenye mashina yake. Povu la sabuni ya kuogea huonekana jingi lakini hukauka upesi, na wembe unaopita kwenye povu lililokauka ni sawa na unaopita kwenye ngozi tupu. Liache povu likae dakika moja au mbili kabla ya kuanza. Ndevu za kidevuni na za juu ya mdomo ndizo nene kuliko zote, kwa hiyo zinyolewe mwisho, ili zipate muda mrefu zaidi wa kulainika.

Wembe na mkono

Nyembe zenye makali mengi zimetengenezwa ili makali ya kwanza yauvute unywele kidogo na yanayofuata yaukate kabla haujarudi ndani. Matokeo yake ni kwamba ncha ya unywele hubaki chini ya usawa wa ngozi. Hapo ndipo unapotoka ule utelezi unaosifiwa, na hapo hapo ndipo vipele vinapopata nafasi, kwa maana unywele uliopinda ukianza safari yake chini ya ngozi huweza usiupate mlango wa kutokea. Mwenye ndevu zilizonyooka anaweza asione tatizo lolote. Mwenye ndevu za kipilipili ni heri atumie wembe wa makali moja au mawili. Ule wembe mwembamba wa kubadilisha, unaofungwa kwenye kishikio cha chuma, ambao Mmarekani King Camp Gillette alipewa hataza yake mwaka 1904, bado unauzwa leo kwa umbo lisilotofautiana sana na lile la mwanzo, nao unafaa sana kwa kazi hii endapo mtumiaji ataushika kwa mwinamo wa takriban digrii 30 na kuuacha uzito wa kishikio ufanye kazi bila kusukumwa na mkono.

Kukandamiza ni dalili ya wembe butu. Badilisha wembe baada ya kunyoa mara tano hadi saba, au mapema zaidi ukianza kuvuta. Kati ya siku moja na nyingine usuuze vizuri, ukung’ute maji, kisha uuweke mahali pakavu nje ya bafu lenye mvuke. Usiufute kwa taulo, kwani nyuzi za taulo huyaharibu makali.

Sasa kunyoa kwenyewe. Pitisha wembe kufuata upande ndevu zinakolalia, kwa mikupuo mifupi isiyozidi urefu wa kidole gumba, na uusuuze kwenye maji kila baada ya mkupuo mmoja au miwili, kwa sababu wembe uliojaa nywele na povu hukwama na kumlazimisha mtu aukandamize. Usiivute ngozi kwa mkono wa pili ili ikaze. Ngozi iliyovutwa huruhusu unywele ukatwe chini mno, nayo ikirudi mahali pake huufunika. Mahali penye mikunjo, kama chini ya kidevu, inatosha kuinua kichwa.

Sikiliza pia. Wembe unaokata ndevu hutoa mlio mdogo mkavu, kama wa kucha inayopita juu ya karatasi ya msasa laini. Ukipita mahali hapo mara ya pili mlio hufifia, na ukipita mara ya tatu husikii kitu. Wembe uliokaa kimya haunyoi ndevu tena, unanyoa ngozi. Tangu niijue alama hii nimeacha kunyoa huku redio ikipiga kelele.

Anayeona lazima apitishe mara ya pili apake povu upya kwanza, kisha apite kwa ubavu wa ndevu, si kinyume chake. Kunyoa kinyume kunaweza kuvumilika mashavuni kwa mwenye ngozi ngumu na ndevu zilizonyooka, lakini shingoni sipashauri kwa mtu yeyote.

Kuna wale ambao, pamoja na kuyafuata haya yote, vipele haviwaachi. Kwao mashine ya umeme ya kukatia nywele, ikiwekwa iache ndevu za urefu wa milimita moja hivi, ni bora kuliko wembe wowote, kwa kuwa unywele uliobaki nje ya ngozi hauna sababu ya kutafuta njia ya kutokea. Dawa za kuyeyusha ndevu ni njia nyingine, ila ni kali. Zijaribu kwanza mahali padogo, usubiri siku mbili uone kama ngozi inazikataa, na usizidishe hata dakika moja juu ya muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Wembe haushirikiwi, hata kati ya ndugu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu inayotosha kuvibeba ni kidogo kiasi cha kutoonekana. Kwa kinyozi, omba kuuona wembe mpya ukifunguliwa mbele yako.

Baada ya kunyoa

Suuza uso kwa maji ya baridi mpaka povu lote liishe, kisha ukaushe kwa kuubonyezabonyeza kwa taulo safi bila kusugua. Paka losheni isiyo na spiriti wala manukato makali wakati ngozi ingali na unyevu kidogo. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba kitu kinachouma usoni baada ya kunyoa ndicho kinachosafisha. Maumivu hayo si ushahidi wa usafi, ni spiriti inayopita kwenye michubuko na kuizidishia ngozi ukavu. Jeli ya mshubiri hutuliza vizuri. Shabu hukausha damu ya mikato midogo, lakini iguse kwenye mkato tu na isuuzwe, maana ikipakwa uso mzima huukausha. Maji ya limau yaepukwe kabisa: yakikutana na jua kwenye ngozi huweza kuiunguza na kuacha madoa yanayodumu kwa wiki nyingi.

Mwasho ukiwa umekwisha kutokea, weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika kumi, rudia mara kadhaa kwa siku, na usinyoe tena mpaka ngozi itulie. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 husaidia ikipakwa nyembamba kwa siku chache. Isigeuzwe mafuta ya kila siku, kwa sababu ikitumiwa usoni kwa muda mrefu huipunguza ngozi unene.

Kwa vipele, pumziko linalohitajika ni refu zaidi, pengine mwezi mzima au zaidi bila wembe, na ndevu zikipunguzwa kwa mashine pekee. Usivibinye. Unywele unaouona umejikunja kama kitanzi juu ya ngozi unaweza kuuinua taratibu kwa ncha ya sindano iliyotakaswa, mpaka ncha yake iwe huru, lakini usiung’oe kwa kibano, kwani utakaoota baada yake utaanzia ndani kabisa na huenda usitoke.

Vipele vikitoa usaha, vikienea, vikiambatana na homa, au vikiacha makovu yanayoendelea kukua baada ya jeraha kupona, ni kazi ya daktari wa ngozi. Vivyo hivyo kwa baka la duara lenye magamba ambalo ndevu zake zinakatika, maana huenda ni choa, yaani ugonjwa wa fangasi, na si matokeo ya wembe. Daktari anaweza kutoa krimu za kuzuia vinyweleo visizibe, dawa za kuua bakteria, au kupendekeza leza ya kupunguza mashina ya nywele. Siku ya kwenda kumwona usinyoe, wala usipake chochote usoni, ili aikute hali kama ilivyo.