SOMO: Neno "get" kwa wanaoongoza wageni

Kila msimu vijana wa Moshi na Arusha wananiuliza hili kabla ya usaili wa kampuni za utalii. Naandika mara moja.

1. Get + kitu: kupata, kununua, kuleta. "I'll get your bag", nakuletea begi.

2. Get to + mahali: kufika. "We get to Barafu at two", tunafika Barafu (kambi ya Kilimanjaro) saa nane. Kwa here, there na home, hiyo to inaondoka.

3. Get + sifa: kuingia katika hali. Hapa ndipo mnapoharibu. "It is cold", baridi ipo. "It gets cold at night", usiku baridi inaingia. Sasa msibandike sifa yoyote mnayoikuta. "Tomorrow we get high" si kwamba kesho tutapanda juu zaidi. Umemwambia mgeni kesho mtalewa bangi! Sema "we go higher". Vilevile "You can get lost here" ni tahadhari nzuri, ila "Get lost!" peke yake ni kumfukuza mtu: potelea mbali.

4. Get + mtu + to: kumfanya mtu atende. "I'll get the cook to boil water." Msiitupe to; make ndiyo haiitaki.

5. Vyombo: basi na ndege ni get on, get off. Land Cruiser ni get in, get out. Kipimo: ukiweza kutembea ndani yake, ni on.

MASWALI

— Kwa hiyo get maana yake nini?
Umesoma? Anza namba 1.

— Mkuu, "Are you getting me?" mbona tunaisema kila siku?
Sisi kwa sisi tunaelewana. Kwa Mwingereza au Mmarekani, get ya kuelewa kwa kawaida haivai -ing. Hata "Do you get it?" ina ukali wa mwalimu darasani. Tumia "Does that make sense?"

— Got au gotten?
Uingereza: "It's got cold." Marekani: "It's gotten cold." Ila "I've got a torch", ninayo tochi, ni got kote.

— Mwalimu, mgeni akisema "I'm going to be sick" anaumwa?
Swali zuri, dada. Mara nyingi anataka kutapika, mpishe haraka. "I got sick last night" ya Mmarekani yaweza kuwa kuugua au kutapika, na mlimani tofauti hiyo ni kubwa. Muulize "Did you throw up?" kabla hujamwambia kiongozi wa msafara.

— Naongezea: throw up, si throw out. Throw out ni kutupa takataka.