Jinsi ya kuunganisha konsoli ya zamani ya gemu na TV ya kisasa

Konsoli nyingi za zamani zinazoletwa kwangu kwa madai kwamba "hazitoi picha" huwa ni nzima kabisa. Kinachokosekana ni waya unaofaa, au TV imewekwa kwenye ingizo lisilo lake. Kwa hiyo kabla hujakimbilia kununua kisanduku cha kubadili AV kuwa HDMI, igeuze konsoli uangalie mgongo wake. Ubora wa picha unaamuliwa pale. Kilichopotea kwenye waya hakuna kisanduku kitakachokirudisha, hata kiwe cha bei gani.

Hatua ya 1: Umeme kwanza

Soma kibandiko cha chini au cha nyuma. Konsoli iliyotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa 100V, ya Marekani 120V. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa 220–240V unaiunguza, labda fyuzi ikuokoe. Itafutie transfoma ya kushusha umeme.

Zenye adapta ya nje zina mtego mwingine: adapta ya NES asilia ya Nintendo hutoa 9V za AC (umeme wa kubadilika mwelekeo), wakati ya Mega Drive ya kwanza ya Sega hutoa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) yenye hasi katikati ya plagi. Kuingia kwenye tundu si ushahidi kwamba adapta ni yake.

Hatua ya 2: Jua konsoli inatoa nini

Kuna ngazi za ubora, na kazi yako ni kupanda hadi ngazi ya juu kabisa ambayo konsoli yako na TV yako zote zinaifikia.

Chini kabisa ni RF, ule waya mmoja unaoingia kwenye tundu la antena. Inafuata composite, waya wa njano ambao wengi tunauita AV tu. Hapo rangi na mwanga vimebanwa kwenye njia moja, ndiyo maana maandishi mekundu hufifia na kuvuja pembeni. S-Video huvitenganisha katika njia mbili. Component huvitenganisha katika njia tatu: plagi ya kijani, ya bluu na nyekundu kwa picha, kisha nyekundu na nyeupe kwa sauti. RGB (nyekundu, kijani na bluu kila moja na njia yake), inayopita kwenye SCART, ile plagi pana ya pini 21, iko ngazi ileile ya juu.

PlayStation 1, 2 na 3 zinatumia tundu la AV la aina moja, na PlayStation za mwanzo kabisa zina pia matundu ya rangi yenyewe. Super Nintendo, Nintendo 64 na GameCube nazo zinaazimana waya wa AV. Nintendo 64 haina component, usiitafute. Wii na PlayStation 2 zinayo, na tofauti yake na waya wa njano utaiona ukiwa umekaa mbali.

PlayStation 3 zote zina HDMI, tangu ilipotoka mwaka 2006. Xbox 360 za mwaka 2005 hazina. Zilianza kuipata mwaka 2007. Zenye HDMI zina kero yao: zikiwa zimezoeshwa TV nyingine, hubaki na skrini nyeusi. Zima PS3, kisha bana kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili. Kwa Xbox 360, toa diski, iwashe huku umebana Y pamoja na kifyatulio cha kulia (RT) kwenye kidhibiti.

Hatua ya 3: Matundu ya TV, na lile la kijani linalodanganya

Hapa ndipo watu wengi wanakwama. TV nyingi za kisasa hazina tena tundu la njano la peke yake. Zina matundu matano, na lile la kijani limeandikwa "Y/Video". Maana yake linafanya kazi mbili: kijani ya component, au njano ya AV. Chomeka plagi yako ya njano kwenye kijani, nyeupe na nyekundu kwenye matundu ya sauti, bluu na nyekundu ya picha yaache wazi.

Picha ikitokea nyeusi na nyeupe, usiilaumu konsoli. TV inadhani umeunganisha component, kwa hiyo inasoma mwanga na kusubiri rangi zije kwenye waya ambazo hazipo. Bonyeza Source kwenye rimoti uchague AV badala ya Component, na rangi zitakuja.

TV nyingine zina tundu dogo la duara la milimita 3.5, kama la hedifoni, lenye maandishi AV IN. Tumia waya uliokuja na TV yenyewe. Waya wa kamera ya video unafanana nao kwa sura, lakini mpangilio wa ndani unaweza kutofautiana. Ukisikia mngurumo na picha hakuna, badilishana zile plagi tatu, hakuna kitakachoharibika.

Hatua ya 4: Ukiwa na component

Waya huu una plagi mbili nyekundu zinazofanana. Fuata waya kwa kidole hadi zinapoachana: nyekundu iliyofungwa pamoja na nyeupe ni ya sauti.

Kwa PlayStation 2, ingia kwanza ukiwa na waya wa njano, nenda "System Configuration", kisha "Component Video Out", chagua Y Cb/Pb Cr/Pr. Ikibaki RGB, rangi zitavurugika na hutaona menyu vizuri. Kwa Wii, weka TV Resolution iwe 480p.

Kuna kitu kimoja kinachowachanganya hata mafundi. Gemu za PS2 zinacheza vizuri kwa component, ukiweka diski ya PS1 skrini inakuwa nyeusi. PS1 hutoa 240p (mistari 240 inayochorwa yote kila mara), na TV nyingi mpya haziikubali kupitia component. Rudi kwenye waya wa njano kwa gemu hizo.

Hatua ya 5: TV yenye HDMI peke yake

Sasa ndiyo unahitaji konveta, kile kisanduku cha kubadili AV kuwa HDMI. Soma maandishi juu yake: AV2HDMI ndiyo yako, HDMI2AV inakwenda upande wa pili na haitakusaidia chochote. Ipe umeme wa 5V kwa waya wake wa USB, hata kama picha inaonekana kutokea bila huo.

Konveta za bei rahisi zinafanya kazi, lakini nyingi huichukulia 240p kana kwamba ni 480i (mistari inayochorwa nusu kwa zamu), kisha "huisafisha". Kwenye gemu ambayo mhusika humetameta akipigwa, utaona anapotea kabisa, au anajaa mistari kama meno ya kitana. Kama hilo linakukera, tafuta vifaa kama RetroTINK au OSSC vilivyotengenezwa kwa ajili ya konsoli. Angalia tu kwamba OSSC haipokei waya wa njano. Inataka RGB, component au VGA.

Konsoli ya RF tupu? TV yenye chaneli za analogi bado inaweza kuipata kwa kutafuta chaneli: 3 au 4 kwa za Marekani, karibu na 36 kwa za Ulaya. Ikishindikana, deki ya video ya zamani hutatua: RF inaingia kwenye antena ya deki, AV inatoka nyuma.

Hatua ya 6: Tuliza TV

Washa Game Mode. TV za sasa huipiga picha msasa kabla ya kuionyesha, na kila fremu moja inayochelewa ni kama milisekunde 17 kwa 60Hz. Kwenye gemu ya mapigano au ya kuruka, utabonyeza na mhusika ataruka ukiwa umeshatumbukia shimoni.

Kisha badilisha upana uwe 4:3. Najua watu wanapenda skrini ijae, lakini magurudumu ya gari yanageuka mayai. Punguza Sharpness pia. Ikiwa juu huongeza ukingo mweupe kuzunguka kila herufi.

Bastola za gemu kama Duck Hunt ziache. Zilitegemea jinsi TV za chogo zilivyochora picha mstari kwa mstari, na kwenye skrini bapa hazitapiga hata bata mmoja, hata ukiwa na konveta nzuri kuliko zote. Kwa hizo, TV ya chogo inayowaka bado ndiyo kifaa sahihi.