Ukitajiwa MAID ukiwa kitandani: namna ya kujibu

Mwaka juzi nililazwa wiki sita hapa Ontario, Kanada, kwa kidonda cha kulalia. Mimi ni mtoto wa Tanga, natumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya basi iliponivunja uti wa mgongo. Siku ya 11 daktari kijana, mpole kabisa, alivuta kiti akakaa, akaniuliza kama nimewahi kuifikiria MAID. Mimi nilikuwa nimemwomba godoro la hewa.

MAID ndiyo huduma ya kusaidiwa kufa ya Kanada. Ilihalalishwa 2016 kwa wale ambao kifo chao kinatazamiwa. Machi 2021 ikapanuliwa: hata asiye mahututi anaweza kuomba, mradi ana maradhi au ulemavu mzito usioponyeka. Hapo ndipo sisi wenye ulemavu tuliposimama kupinga. Mwaka 2024 mashirika yetu yalifungua kesi Ontario, na Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu ikaitaka Kanada iifute njia hiyo. Lakini kesi iko mahakamani, na wewe uko wodini.

Usijibu papo hapo. Sisi tumelelewa kumwitikia daktari, na "ndiyo" ya adabu inaweza kuandikwa kama "ndiyo" ya kweli. Sema: "Sijaomba. Andika kwenye faili langu kwamba sijaomba, na isitajwe tena mpaka niitaje mwenyewe." Kiingereza kikikupiga chenga, dai mkalimani wa hospitali. Tafadhali, usimpe mwanao kazi hiyo. Kwenye kitanda cha jirani yangu kulikuwa na mama wa Bujumbura, na mvulana wake wa miaka 14 ndiye aliyemtafsiria kila kitu. Nilimwombea mvulana huyo neno MAID lisimpite mdomoni.

Kisha chukua karatasi. Upande mmoja andika kinachokutesa, upande wa pili andika kinachokosekana. Yangu ilisema hivi: kidonda, godoro la hewa. Kulala na nepi iliyolowa, mhudumu anafika saa nne badala ya saa moja. Upweke, lifti ya jengo letu mbovu, sijatoka wiki tatu. Nilipoandika mstari wa lifti nililia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba tatizo ni mimi. Itie tarehe, ipige picha kwa simu, mpe ofisa ustawi wa jamii, na umuulize kila mstari nani anaushughulikia na lini.

Sheria nayo uijue. Kama kifo chako hakijakaribia, lazima wataalamu wawili wasiotegemeana wakupime, na kwa kawaida tathmini ichukue siku 90 au zaidi. Lazima uelezwe huduma zilizopo, kuanzia ushauri nasaha na misaada ya ulemavu hadi huduma shufaa (ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa), na upewe nafasi ya kuonana na wanaozitoa. Ombi ni la maandishi, mbele ya shahidi, na unaweza kulifuta hata dakika ya mwisho. Kwangu siku 90 ni chache mno. Kupata nyumba ambayo kiti changu kinapita mlangoni kulinichukua miaka minne.

Na ikiwa kweli umechoka kuishi? Mimi nimewahi kufika hapo. Piga 988, simu ya Kanada ya kumsaidia anayefikiria kujiua, saa yoyote, bure, kwa Kiingereza au Kifaransa, na umwambie ndugu mmoja usiku huohuo. Mtu anayetembea akisema anataka kufa, watu humkimbilia na kukesha naye. Dai ukimbiliwe vivyo hivyo.

La mwisho ni la jamaa zako: walete picha, waibandike ukutani pale daktari anaposimama. Dada yangu alileta yangu ya sikukuu ya Idi, nimekaa kitini mbele ya chuma cha vitumbua, unga mpaka kwenye nyusi, watoto wamenizunguka na sahani. Kesho yake yule daktari kijana aliitazama kwa muda mrefu, akauliza ninapika nini. Nikamweleza, kuanzia kuloweka mchele. Kisha nikamuuliza tena habari ya godoro.