Jinsi ya kukadiria umbali na muda wa kuruka kati ya miji miwili

Wengi hupima umbali kwa rula kwenye ramani bapa, wakaugawanya kwa mwendo wa ndege, kisha wakashangaa tiketi inapoonyesha saa nyingine kabisa. Katika kazi ya kupanga safari nimezoea kutenganisha mambo mawili: umbali hutokana na umbo la dunia na haubadiliki, ilhali muda hutegemea pia upepo na njia. Mfano wetu ni London na New York.

Hatua ya kwanza ni kupata latitudo na longitudo. London iko digrii 51.5 kaskazini na 0.1 magharibi, New York iko 40.7 kaskazini na 74.0 magharibi. Tofauti ya longitudo ni 73.9. Mji ulio kusini mwa ikweta hupewa latitudo hasi, na ikiwa mmoja uko mashariki na mwingine magharibi, longitudo zao hujumlishwa.

Hatua ya pili ni kutafuta pembe kati ya miji hiyo kutoka kitovu cha dunia, kwa kuwa njia fupi kuliko zote juu ya tufe hufuata duara kuu, yaani duara linaloizunguka dunia huku kitovu chake kikiwa kitovu cha dunia, ingawa kwenye ramani bapa huonekana imepinda. Zidisha saini (kitufe cha sin kwenye kikokotoo) za latitudo zote mbili, upate 0.5103; zidisha kosaini (kitufe cha cos) za latitudo hizo pamoja na kosaini ya 73.9, upate 0.1309. Jumla, 0.6412, ni kosaini ya digrii 50.1. Kila digrii ina maili 60 za baharini, na kila maili ni kilomita 1.852, hivyo umbali ni takriban kilomita 5,570. Hakikisha kikokotoo kinasoma digrii wala si radiani, kipimo kingine cha pembe. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika.

Hatua ya tatu ni muda. Chukua mwendo wa kilomita 870 kwa saa, kisha uongeze nusu saa kwa ajili ya kupaa na kushuka. Upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: ukiipiga ndege usoni kwa kilomita 100 kwa saa, safari ya kwenda New York huchukua karibu saa 7 na dakika 45, na ukiisukuma mgongoni wakati wa kurudi, saa 6 na robo. Njia nayo huweza kurefuka: baada ya anga ya Urusi kufungwa mwaka 2022 kwa mashirika ya Ulaya, safari ya Helsinki hadi Tokyo ilipanda kutoka saa 9 na ushei hadi karibu 13.

Mwisho, geuza saa. Ndege inayoondoka London saa tano asubuhi hutua New York saa saba na dakika 45 mchana, kwa saa za huko, maana New York iko nyuma kwa saa 5. Mwezi Machi, hata hivyo, Marekani husogeza saa mbele kabla ya Uingereza, na kwa wiki chache tofauti huwa saa 4 tu.