Chaja Inapogoma Ugenini: Mwongozo kwa Wasafiri wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu wa Mbeya anayevuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia, au wa Kasumulu kuingia Malawi, kwa kawaida haoni tofauti kubwa ya umeme, kwa kuwa nchi hizo zinatumia volti 230 kama sisi na soketi zao nyingi ni zilezile za matundu matatu bapa. Taabu huanza safari inapokuwa ndefu zaidi. Mfanyabiashara aliyefuata bidhaa Guangzhou, mgonjwa aliyepelekwa India kwa matibabu au mwanafunzi aliyepata nafasi Marekani hujikuta mbele ya soketi asiyoijua, simu ikiwa imebakiwa na chaji kidogo, na nyumbani wanasubiri kusikia kwamba amefika salama.

Kazi ya kwanza hufanyika kabla ya kufunga mizigo, nayo ni kuisoma chaja yenyewe. Tafuta mstari wa maandishi madogo unaoanza na neno INPUT. Ukikuta 100-240V na 50/60Hz, chaja hiyo itafanya kazi Japani kwenye volti 100, Marekani kwenye volti 120 na China kwenye volti 220, na utakachohitaji ni adapta ya kubadili umbo la plagi tu. Chaja nyingi za simu na kompyuta mpakato ziko hivyo. Kifaa kilichoandikwa volti 120 peke yake, mathalani mashine ya kunyolea uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani, kinaweza kuungua mara tu ukikichomeka Mbeya. Adapta haiongezi volti wala haipunguzi. Hiyo ni kazi ya transfoma, na ningependa kila anayenunua adapta pale soko la Mwanjelwa alijue jambo hili kabla ya kutoa fedha yake.

Kuhusu umbo la soketi, nchi inayowasumbua wengi ni Afrika Kusini, ambako soketi za kawaida zina matundu matatu makubwa ya duara, na adapta nyingi zinazouzwa kuwa ni za dunia nzima hazina plagi ya namna hiyo. Tafuta inayoihusu nchi hiyo mahususi.

Kuna tabia ya nyumbani ambayo haifai kabisa kusafiri nayo: kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kifuniko cha kalamu ili plagi ya pini mbili za duara iingie kwa nguvu. Pini hizo hazikutengenezwa kwa matundu yale, hivyo hazigusani vizuri na vyuma vya ndani. Hapo ndipo cheche na joto hutokea, na plastiki huanza kuyeyuka.

Ikiwa umekwisha kuchomeka na simu haipokei chaji, usikimbilie kuilaumu simu. Anza ukutani. Washa swichi ya soketi kama ipo, kisha jaribu soketi hiyo kwa taa au kifaa kingine. Katika hoteli nyingi, umeme wa chumba hukatika unapoichomoa kadi ya mlango kwenye kishikio chake. Mimi mwenyewe niliwahi kuiacha simu ikichajiwa nikaenda kula, nikarudi nikaikuta kama nilivyoiacha. Uliza mapokezi ni soketi ipi isiyokatika. Baada ya ukuta, angalia adapta: ikiwa ina fyuzi, huenda imeungua. Kisha badilisha waya, ambao kwa uzoefu wangu ndio huharibika mapema kuliko vyote. Mwisho angalia tundu la chaji la simu. Vumbi la barabarani na nyuzi za mfukoni hushindiliwa humo hadi waya usifike mwisho. Zima simu, uondoe taka taratibu kwa kijiti chembamba cha mbao, kamwe si kwa sindano.

Chaji ikiingia polepole mno, mara nyingi chanzo ni uwezo mdogo wa mahali unapochajia. Tundu la chaji ndani ya basi huenda likatoa wati chache tu, ilhali kompyuta mpakato inaweza kuhitaji wati 65. Ukihisi mwili wa chuma wa kompyuta unakuwasha vidoleni, mara nyingi ni kwa sababu plagi ya pini mbili haina ethi, yaani njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini. Tumia waya wa pini tatu kwenye soketi yenye ethi. Lakini ukipigwa na umeme hasa, au ukisikia harufu ya kuungua, zima umeme kabla ya kugusa kitu chochote.

Zambia, mgao wa umeme ulikuwa mkali mwaka 2024 baada ya ukame kupunguza maji ya Kariba, bwawa linalozalisha umeme. Umeme unapokatika, chomoa chaja, na umeme ukirudi subiri dakika kadhaa, kwa kuwa huweza kurudi na msukumo mkubwa. Ukifika nchi yenye barafu, iache simu ipate joto la chumba kwanza, maana betri ya lithiamu huumia ikichajiwa chini ya nyuzi 0.

Pawabenki hubebwa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida bila kibali ni wati-saa 100: zidisha mAh (ujazo wa betri) kwa 3.7, kisha gawa kwa 1,000, na pawabenki ya mAh 20,000 itakupa wati-saa 74. China, tangu tarehe 28 Juni 2025, pawabenki isiyo na alama inayosomeka ya 3C (uthibitisho wa usalama wa bidhaa wa China) hairuhusiwi katika safari za ndege za ndani.

Betri iliyovimba usiichaji tena, usiitoboe wala usipande nayo ndege. Iweke mbali na kitanda na mapazia, umtafute fundi simu aitoe.