Kabla hujajumlisha eneo la nchi za uchumi wa kati wa chini, chek haya kwanza

Juzi dogo wa hapa nyumbani Tabata kanifuata na laptop, luku imeisha feni imesimama jasho linamtiririka, anasema kaka nimepewa kazi nitafute eneo lote la nchi za uchumi wa kati wa chini, nimejumlisha mara tatu napata majibu matatu. Nikamwambia acha kujumlisha, hesabu yako haina shida, nionyeshe orodha. Orodha yenyewe kaokota kwenye slaidi za mtu, haina hata mwaka.

Sasa hapo ndo wengi tunapoanguka. Benki ya Dunia inapanga hizi nchi upya kila tarehe 1 Julai kwa kuangalia pato la taifa kwa kila mtu, na sisi tunaikumbuka vizuri ile Julai 2020 tulipotangaziwa tumeingia uchumi wa kati, basi siku hiyohiyo kilomita za mraba 947,300 za Tanzania zikaingia kwenye kapu. Indonesia mwaka huohuo ikapanda kundi la juu yake, uchumi wa kati wa juu, 2021 ikarudi, 2023 ikapanda tena. Zambia ikashuka 2022 na mwaka uliofuata ikarudi. Afu Julai 2024 Algeria, Iran, Mongolia na Ukraine zikatoka kwa mpigo, ukizijumlisha ni kama kilomita za mraba milioni 6.3, yaani zaidi ya Tanzania sita na nusu zimeondoka na hakuna hata jiwe lililosogea. Kwa hiyo andika juu kabisa ya faili lako ni orodha ya mwaka gani, kabla hujaandika namba yoyote.

Na kuna mtego mwingine humohumo: jumla ya kundi unayoikuta kwenye majedwali ya Benki ya Dunia, hata ya mwaka 1990, imepigwa kwa wanachama wa leo, sio wa 1990. Ukiweka grafu ukaona mstari umetulia usidhani kundi lilikuwa hilohilo miaka yote.

Majina nayo yachek moja moja kwa macho. Kongo ya Brazzaville imo kwenye kundi na ina 342,000, ile ya Kinshasa haimo na ina 2,344,860, ukikosea hapo tu umeongeza milioni mbili nzima. Guinea ndo usiseme, ziko Guinea, Guinea-Bissau, Guinea ya Ikweta na Papua New Guinea, na haziko kundi moja.

Haya, eneo gani? Dogo nusu ya nchi kachukua eneo lote nusu kachukua nchi kavu, kachanganya kama mboga. Tanzania eneo lote ni 947,300, nchi kavu ni 885,800, ile tofauti ya 61,500 ni maji, sehemu kubwa ni upande wetu wa Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa. Eneo lote linahesabu maji ya ndani ya nchi na baadhi ya njia za maji za pwani, ila ile bahari ya kiuchumi ya maili 200, yaani sehemu ya bahari ambayo nchi ina haki ya kuvua na kuchimba, haimo. Chagua moja, shika hiyohiyo kwa nchi zote.

Mipaka yenye ugomvi ndo mimi inanichosha zaidi. India inajiandikia 3,287,260 na humo imeweka Kashmir yote, hata upande unaoshikwa na Pakistan na China. Pakistan utaikuta kwa 796,100 sehemu moja na 881,913 sehemu nyingine, hiyo kubwa imeweka upande wake wa Kashmir. Zote mbili ni za kundi letu, kwa hiyo ukichukua India ile na Pakistan ile kubwa umehesabu milima ileile mara mbili. Morocco vilevile, ukiiweka Sahara Magharibi unaongeza karibu 266,000, sema mapema umeiweka au hujaiweka.

Vipimo: takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huja kwa maelfu ya hekta, zidisha kwa 10 upate kilomita za mraba. Na usichanganye hekta na heka za mtaani, maana mzee wa Chanika akikwambia ana heka mbili mara nyingi anamaanisha ekari.

Kama wewe ni wa kuchora mwenyewe kwenye programu ya ramani, angalia ramani iko kwenye mfumo gani, yaani dunia ya mviringo imelazwaje kwenye ramani bapa. Ile ya Mercator inayotumika kwenye simu zetu inavimbisha nchi kadiri unavyoondoka ikweta. Hapa Dar inaongeza kama asilimia 1.4 tu, ndo maana ukijaribia nyumbani unaona mbona iko sawa, afu unafika Uzbekistan inakuzidishia karibu mara moja na robo tatu. Badili kwanza uweke mfumo unaotunza eneo.

Umeme uliporudi tukafuta faili lote tukaanza na safu mbili tu, jina la nchi na mwaka wa orodha. Ilipofika zamu ya Kongo dogo akacheka mwenyewe, alikuwa ameziweka zote mbili.