Namna ya kumweleza mgonjwa matumizi ya dawa mpaka ujumbe ufike

Wiki iliyopita nilikaa dirisha la dawa na binti aliyekuja kwa mazoezi ya vitendo. Dawa anazijua vizuri. Ila kila mgonjwa alimaliza naye kwa pumzi moja: "Hii mbili mara tatu, hii moja usiku, umeelewa mama?" "Nimeelewa." Anayefuata! Mchana foleni ilipopungua nikamwandikia hatua hizi kwenye daftari lake. Naziweka na hapa, kwa yeyote ambaye kazi yake ni kutoa maelekezo.

Darasani tulifundishwa kwamba mawasiliano yana mtoa ujumbe, ujumbe, njia, mpokeaji na kelele. Msingi wa mchoro huo ni kazi ya Mmarekani Claude Shannon, aliyoichapisha mwaka 1948 akishughulikia mambo ya simu. Katika mchoro wake mshale unatoka kwa msemaji kwenda kwa msikilizaji, basi. Kwa waya wa simu inatosha. Kwa mama mwenye mtoto mwenye homa haitoshi hata kidogo, kwa hiyo hatua ya 5 hapa chini ndiyo ninayokuomba uisome mara mbili.

Hatua ya 1: Mjue mpokeaji

Salimia kwanza. Kisha uliza: "Nani atakayempa mtoto dawa nyumbani?" Mara nyingi ni bibi au dada, siyo huyu aliye mbele yako. Ikiwa ni bibi, mpokeaji wako ni bibi, na huyu wa dirishani ni njia tu ya kumfikia.

Hatua ya 2: Punguza ujumbe

Kiasi gani, saa ngapi, siku ngapi. Kama kuna onyo moja kubwa, liweke mwisho, peke yake.

Hatua ya 3: Chagua njia

Sema kwa mdomo na uandike kwenye bahasha. Vyote viwili. Ile "1x3" tuliyoizoea, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, mimi nimeiacha kabisa, kwa sababu ni lugha yetu sisi wa dirishani. Mgonjwa anaweza kuisoma kidonge kimoja kwa siku tatu, au vitatu kwa mpigo. Ninachora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro naweka vidoti, kila kidoti kidonge kimoja. Tumia kalamu ya wino mzito. Ya kawaida hufutika bahasha ikishikwa na mikono yenye jasho. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp siupendi kwa kazi hii. Saa ya dawa ikifika hakuna anayetafuta sauti ya juzi, wakati bahasha iko pale pale na dawa yenyewe.

Hatua ya 4: Ondoa kelele

Mtoto analia? Ngoja anyamaze. Redio? Zima.

Hatua ya 5: Ujumbe urudi kwako

Miaka kadhaa nyuma nilimhudumia mama mwenye mtoto wa kilo 12 aliyekutwa na malaria. Dawa ilikuwa mseto, ALu (artemether na lumefantrine): kwa uzito ule ni kidonge kimoja kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Ya kwanza mtoto aliimezea pale pale dirishani, saa nne asubuhi. Nikamwambia mama, "Kingine utampa baada ya saa nane." Akaitikia, "Nimeelewa." Akaondoka.

Saa kumi jioni akarudi, mtoto ametapika. Kuuliza, kidonge cha pili amempa saa nane mchana.

Rudia sentensi yangu polepole. Mimi nilihesabu muda: saa nne na nane mbele, yaani saa kumi na mbili jioni. Yeye alisikia saa ya ukutani. Kwa Kiswahili chetu "saa nane" ni vyote viwili, na neno dogo "baada ya" lilipotea katikati ya kilio cha mtoto. Alitekeleza kwa uaminifu kile kilichomfikia. Hadi giza linaingia nilikuwa na daktari wa zamu tukihesabu upya: alimeza lini, alitapika lini, tuanzie wapi. Mtoto alipona, lakini siku ile nilijifunza kwamba "umeelewa?" si swali. Mtu mwenye adabu, mbele ya mhudumu na foleni nyuma yake, ana jibu moja tu la kutoa.

Sasa nafanya hivi. Baada ya maelezo nasema: "Mama, nataka nihakikishe mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani bibi akikuuliza dawa inatumikaje, utamwambiaje?" Mzigo nimeubeba mimi, hivyo haoni kama anapewa mtihani. Kisha nanyamaza. Usimsaidie sentensi. Ukimkatiza na kumalizia wewe, umesikia sauti yako mwenyewe.

Akikosea, usirudie maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Badilisha maneno, au onyesha mchoro, halafu muulize tena.

Kwa mseto simtajii mtu hesabu ya muda. Nahesabu mwenyewe, naandika saa zenyewe: leo saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kesho na keshokutwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Taja asubuhi, jioni au usiku kila mara. Muulize pia anatazama saa gani, maana simu nyingi zitamwonyesha 18:00 na yeye anasubiri kumi na mbili. Asiye na saa, mfungie na kitu cha kwao: adhana ya magharibi, kengele, taarifa ya habari.

Tahadhari nyingine: mwingine atakariri maneno yako neno kwa neno bila kuyaelewa. Huyo mpe bahasha mkononi umwambie, "Nionyeshe cha jioni." Kidole chake kikienda kwenye kidonge sahihi, mruhusu aende.

Hatua ya 6: Chakula

Mseto unywewe na chakula chenye mafuta, hata kama ni kidogo, au maziwa. Hili nalo muulize akuelezee.